Milioni Kumi Ikikosekana, Saba

Jirani, kibarua chako kikiota nyasi huku Ngara, usitegemee pole. Utaulizwa mlikuwa wangapi.

Mimi nilifika kijiweni nimeinamisha kichwa kabisa. Nimejiandaa. Nimevaa na shati la huzuni. Nikasema jamani, nimeachishwa kazi. Mzee mmoja pale, alikuwa stoo kipa wa mahindi kambi ya wakimbizi ya Benaco enzi zile, akaweka kikombe chini. "Mlikuwa wangapi?" Nikamwambia sita. Akacheka chai ikamtokea puani. "Sita? Sita si mnaenea kwenye bodaboda mbili, mshikaki!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Hata muuza chapati, ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu tangu azaliwe, naye akacheka.

Ndiyo nikajua kumbe kukosa kazi nako kuna vyeo.

Juu kabisa wamekaa wazee wa Benaco. Hawa huwawezi. Wanakuanzia Aprili 1994, tarehe 28 kuamkia 29, watu zaidi ya laki mbili wanavuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja tu. Pori likageuka mji. Mashirika yakaja na magari meupe yenye antena ndefu. Aliyejua kusoma akapata kazi. Aliyejua kuhesabu magunia akawa bosi. Halafu Desemba 1996 serikali na UNHCR wakatangaza Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla mwaka haujaisha. Watu wakaondoka, mashirika mengi yakakunja maturubai. "Sisi tuliachishwa kwa mistari," anasema mzee. "Kulikuwa na foleni ya kurudisha buti peke yake!" Anavyosema foleni, unaona kabisa anaionea fahari. Mimi sikuwa hata na buti ya kurudisha.

Chini yao wanafuata wa kambi ya Lukole, waliohudumia Warundi. Nao wana heshima yao. Halafu anakuja shemeji yangu wa Biharamulo, mtu wa Tulawaka. Mgodi ule wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2005, mwaka 2013 wazungu wakaaga, serikali ikauchukua kupitia STAMICO. Shemeji hakuchukuliwa. Alibaki na helmeti. Mpaka leo akija kutusalimia anapanda bodaboda na helmeti ya mgodini, anashuka nayo, anakula nayo. Na ukimpa chakula lazima akwambie kantini ya mgodi walikuwa wanapewa kuku. Mke wangu kapika maharage na ugali wa muhogo, kajitahidi, mtu anakaa na helmeti kichwani anaanza habari za kuku.

Hata vijana wa juzi waliojenga umeme wa Rusumo wananizidi. Megawati 80, nchi tatu zinagawana. Ujenzi umeisha, wamebaki na vizibao vya kung'aa. Usiku wakipita unawaona. Mimi nikipita hunioni.

Sasa nikueleze nilivyoondoka, na usicheke. Kazi yangu ilikuwa getini. Kwenye mkataba waliandika Logistiki Asistanti. Kwa Kiswahili chetu ni mtu wa kuandika namba za malori. Lori linaingia, naandika. Lori linatoka, naandika. Barua ya kumaliza mkataba ilitumwa kwa imeli na mimi bando lilikuwa limekata. Jumatatu nikaenda kazini nimechana na nywele. Mlinzi, ambaye kila asubuhi nilikuwa namgawia andazi, akanisukumia kitabu cha wageni. Nikadhani utani. Nikajaza jina. Penye madhumuni ya ziara nikaandika "kazi". Akachukua kalamu yake, akaifuta, akaandika "binafsi". Kisha akaniuliza kama nina miadi.

Mambo ya haki zangu nilielezwa na mwenye duka, siyo wakili. Mwenye duka anajua sheria kuliko bunge, maana kila aliyeachishwa kazi hapa anadaiwa naye hela. Akanambia Sheria ya Ajira ya 2004 inasema kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka kumi. Mimi nina miaka miwili. Siku kumi na nne! Akanambia tena NSSF wana fao la kukosa ajira, ukiwa umechangia angalau miezi 18 unapata theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Nikaanza kutabasamu. Mwenzangu akafungua daftari la madeni, akapiga kikokotoo, akajumlisha, akatoa, akanigeuzia kioo nisome. Tukatazamana. Akasema, "Tuseme sukari nitakuachia."

Basi nikaamua kujipanga upya. Siku hizi kila mtu anakwambia ujipange upya. Kanisani wanasema. Kwenye simu kuna kijana kavaa suti, nyuma yake gari ambalo nina hakika siyo lake, anasema andika malengo yako uyabandike ukutani. Nikaandika, nikabandika. Kosa lote likawa ni ule ukuta. Kila mgeni akiingia anasoma kwa sauti. Anasoma, anaguna, anakaa. Shemeji alisoma na helmeti yake akauliza, "Hili la kupunguza tumbo ni la mwaka gani?"

Lengo la kwanza niliandika: nikeli ikianza, niombe kazi. Nilijiona nimebuni. Kumbe hilo ni lengo la kwanza la wilaya nzima. Watafiti wanatoboatoboa upande wetu huu wa Kabanga tangu miaka ya 1970. Watoto waliozaliwa wakati huo wana wajukuu. Januari 2021 serikali ikasaini mkataba, ikaundwa Tembo Nickel, nchi ikapewa asilimia 16, tukashangilia, watu wakaanza kujenga vyumba vya kupangisha. Ukimuuliza mtu lini unaezeka, nikeli ikianza. Lini unalipa deni langu, nikeli ikianza. Kuna jamaa kamwambia hivyo mchumba wake. Mchumba kaolewa Rulenge.

Lengo la pili: kuamka saa kumi na moja alfajiri niandike riwaya. Eh, riwaya. Mbona unanitazama hivyo? Nilipokuwa kazini nilikuwa nalalamika kila siku, ningepata muda ningeandika kitabu. Kila mtu alinisikia. Mke wangu alinisikia kuliko wote. Muda sasa nikaupata, wote kwa pamoja, asubuhi mpaka jioni, mpaka unanisumbua. Na kuna tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, Taasisi ya Elimu ndiyo inaendesha, walianza kuigawa Aprili 13, 2023, tarehe ya kuzaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza milioni kumi. Nikamwambia mke wangu.

"Na ukikosa?"

Nikamwambia wa pili saba.

"Na ukikosa saba?"

Tano.

"Na ukikosa tano?"

Nikamwambia Shaaban Robert naye alikuwa karani tu wa forodha, wa mkoloni, na leo nchi nzima inamsoma. Nilidhani nimemmaliza. Akaendelea kumenya ndizi. Akasema, "Huyo si aliandika akiwa na kazi?" Akaniachia maganda nikatupe.

Haya, twende kwenye kuamka. Nyumba yangu iko karibu na mpaka, ukisimama uani Burundi unaiona. Simu yangu nayo inaiona. Usiku network ya kwetu ikilegea, simu inahamia Burundi bila pasipoti, na Burundi wako nyuma yetu saa moja. Kwa hiyo alamu ya saa kumi na moja inalia saa kumi na moja ya kwao. Huku kwetu ni saa kumi na mbili, jogoo kashachoka, mke wangu kashafagia uwanja wote kasimama mlangoni na ufagio. "Mwandishi, umeamka?" Nikamweleza habari ya minara. Nikamchorea na ramani. Akasema yeye hana simu ya kioo na anaamka.

Nikasema basi nitaandika mchana. Nani kakudanganya? Mwanaume ukishinda nyumbani huku, wewe ni mali ya ukoo. Mbuzi kakata kamba, mwite yule hana kazi. Jirani anapeleka mama yake Murgwanza hospitali, anataka mtu wa kumshikia foleni, mwite yule. Kamati ya harusi wanatafuta katibu, mwenye muda ni nani? Nimekuwa katibu wa harusi za watu nisiowajua. Naandika kweli, tena kila siku: "Mchango wa kreti, ameahidi." "Mchango wa mbuzi, ameahidi." Hakuna mtu Ngara hii aliyeandika neno "ameahidi" kunishinda. Na ukikaa chini na kalamu, ukawa unatazama juu unatafuta sentensi, watu wanaona umekaa. Huwezi kumweleza mtu kwamba kule kutazama juu ndiyo kazi yenyewe. Wanakuletea mahindi upukuchue huku unatazama.

Pamoja na hayo nikapata ukurasa. Ukurasa mzima, jirani! Nilikopa kaunta buku dukani, japokuwa lengo la tatu ukutani linasema nisikope. Riwaya nikaiita "Mlinzi wa Geti". Inahusu mlinzi mmoja mwenye roho mbaya sana. Nilikuwa nimeweka hasira zangu zote mle. Nikaisoma usiku, nikajisikia vizuri, nikaiacha mezani, nikalala nikiwa mwandishi.

Asubuhi daftari halipo. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa ameambiwa alete kaunta buku la insha. Kuna kaunta buku mezani. Mtoto angefanyaje? Kachukua, kaenda. Mwalimu kakusanya madaftari, kafungua ukurasa wa kwanza, kakuta mlinzi.

Jioni daftari likarudi. Kalamu nyekundu kila mahali. Nilidhani mtu kajikata. "Rudia rudia!" "Nukta iko wapi?" "Huyu mlinzi amefanya nini hasa?" Chini kabisa: 4/10. Mzazi aje shuleni.

Nikaenda. Nikakalishwa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakagusa masikio. Mwalimu mwenyewe kijana mdogo, kanipa shikamoo safi, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mzazi. Akafungua ule ukurasa, akausoma kwa sauti, polepole, wote. Walimu wengine wakaacha kusahihisha. Alipofika kwenye andazi, mmoja akauliza, "Sasa andazi limetoka wapi?" Nikatazama dirishani.

Mwalimu akasema, "Mzazi, mwanzoni nilidhani kuna mtu mzima nyumbani anamwandikia. Lakini nimesoma mara mbili nikaona hapana, haya kaandika mtoto mwenyewe. Mtu mzima asingeandika hivi."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema ni kweli mwalimu, watoto wa siku hizi.

Akasema ana kipaji kidogo lakini ni mvivu. Arudie insha yote. Aya tatu. Mlinzi asiitwe mwenye roho mbaya, aonyeshwe anafanya nini mpaka msomaji aseme mwenyewe huyu ana roho mbaya. Andazi lielezwe. Ailete Jumatatu. Na mzazi asimamie. Halafu akanikumbusha mchango wa mlinzi wa shule. Wa mlinzi! Nikaahidi, mwenyewe nikaliandika neno lile kwenye daftari lao.

Njiani kurudi binti yangu hakusema kitu. Tumefika nyumbani, akavuta kigoda, akaweka daftari jipya mezani, akashika rula. "Baba, kaa. Nimepigwa sita za mikononi kwa ajili yako, siyo kwa ajili yangu." Mama yake yuko jikoni anacheka, namsikia kabisa. Nikakaa. Hakuna mbuzi aliyekata kamba, wakija na habari za mbuzi mtoto anawajibu mlangoni, baba ana kazi ya shule. Alamu haina maana tena, saa kumi na moja ananigonga na rula, saa ya Tanzania. Nimemaliza aya ya kwanza. Mlinzi sasa ana jina, ana kofia, anakula andazi la mtu huku anamwuliza kama ana miadi. Binti kasoma, kakunja uso, kasema aya bado mbili na mwandiko wangu mbaya.

Leo asubuhi nimemwomba ruhusa nije hapa kibandani mara moja tu kununua kalamu. Kakataa. Kasema kalamu ipo. Kwa hiyo, jirani, nisogezee hilo kreti la soda nikae nyuma yake. Akipita hapa na rula, wewe hujaniona.