Barua ya wazi kwa wagawa gramafoni

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Recording Academy,
Santa Monica, California.

YAH: PONGEZI KWA KULIPA MALIMBIKIZO, NA KUULIZIA ULIKO MWAKA 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, pongezi kwanza, lawama zina nafasi yake. Tarehe 2 Februari 2025, kule Los Angeles, mlimkabidhi Beyoncé tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka kwa Cowboy Carter. Dunia ikashangilia. Walimu wa huku kwetu hawakushangilia sana, walitikisa kichwa tu kwa kuelewa, maana mtu aliyewahi kudai nauli ya likizo halipi jina lingine tukio lile. Yale yalikuwa malimbikizo.

Deni lilianza 2010, I Am... Sasha Fierce ilipopitwa na Taylor Swift. Mwaka 2015 likaongezeka, Beck akaibuka na albamu ya kulalia. Mwaka 2017 mkamnyima kwa Lemonade, na Adele aliyeshinda akatumia muda wake jukwaani kumsifu aliyeshindwa, hadi ukajiuliza nani kapiga kura. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Harry Styles kupita na mzigo wa Renaissance. Faili likarudi kabatini.

Kisha Februari 2024 mumewe, Jay-Z, akapanda jukwaani kwenu kupokea tuzo yake, binti yao Blue Ivy akiwa pembeni, akauliza mbele ya kadamnasi: inakuwaje mwanamke mwenye gramafoni nyingi kuliko binadamu yeyote hajawahi kupewa ile kubwa? Mwaka mmoja baadaye hundi ikatoka. Nawapongeza kwa kasi. Faili la huku nalo husogea namna hiyohiyo, mpaka aje ofisini mtu ambaye karani anamwogopa.

Ila kuna jambo dogo la kihasibu. Jay-Z alipolalamika, Cowboy Carter ilikuwa haijatoka. Ilitoka tarehe 29 Machi. Kwa hiyo deni alilowadai mbele ya kamera halikuwa la albamu hiyo, na ninyi mmelilipa kwa stakabadhi yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya meza. Mwanamke mweusi aliyetangulia kuibeba tuzo hiyo alikuwa Lauryn Hill, 1999. Mtoto aliyezaliwa siku ile ameshamaliza chuo na sasa anazungusha barua za kuomba kazi.

Mkaleta na wazimamoto kukabidhi. Najua sababu, mji ulikuwa umetoka kuungua, na walistahili kila kofi walilopigiwa. Lakini kwa moto uliofukuta ofisini kwenu tangu 2010, hata kama hamkukusudia, mliita watu sahihi.

Sasa tatizo langu. Anayelipa madeni ya zamani huchota kwenye bajeti ya sasa, na bajeti iliyochotwa hapa ni mwaka 2024 wenyewe, ambao sasa haujulikani ulikuwa wa nani.

Na huo mwaka wenu tuuzungumze. Kwa kanuni zenu ulianza tarehe 16 Septemba 2023 ukaisha tarehe 30 Agosti 2024. Nimejaribu kuupanga na kalenda ninazozijua. Januari haumo, mwaka wa fedha wa serikali haumo, na wazee wa Makunduchi wanaoogea Mwaka Kogwa kila Julai wana hesabu inayofuatika zaidi. Albamu ya Chappell Roan iliingia wiki moja baada ya mlango kufunguliwa, na Short n' Sweet ya Sabrina Carpenter ikajipenyeza wiki moja kabla haujafungwa. Ya Chappell ilitoka Septemba 2023, watu wakaipita kama bango la mganga kwenye nguzo ya umeme. Ni hadi alipofungulia maonyesho ya Olivia Rodrigo, na Agosti umati wa Lollapalooza pale Chicago ulipojaa mpaka kwenye miti ya bustani, ndipo dunia ilipoanza kuuliza huyu binti alikuwa wapi. Mkampa tuzo ya Msanii Mpya. Naye akafungua daftari, akaziambia kampuni za muziki ziwalipe wasanii wachanga mshahara wa kuishi na bima ya afya. Huyo ndiye aliyetoa hotuba ya mwaka, japo haina kipengele.

Kama mngeniuliza (na hamkuniuliza, kura mlizigawa kwa wenzangu zaidi ya 13,000), mwaka 2024 ulikuwa wa Brat, ya Charli XCX, iliyotoka tarehe 7 Juni. Jalada lake halina sura ya mtu, ni kijani cha kuumiza macho na neno moja lenye ukungu. Kabla Julai haijaisha, kampeni ya Kamala Harris ilikuwa imepaka ukurasa wake rangi hiyo, na kufika Novemba wachapishaji wa kamusi ya Collins wakalifanya jina la albamu kuwa neno lao la mwaka. Kipimo changu ni hicho: albamu inayobeba mwaka inajulikana hata na mtu ambaye hajaisikia. Kwa uzuri, nyumbani kwangu inayopigwa zaidi ni Hit Me Hard and Soft ya Billie Eilish, nyimbo kumi, hata dakika 45 hazifiki, hakuna wa kuruka. Lakini uzuri ni mizani nyingine.

Taylor Swift alitoa The Tortured Poets Department mwezi Aprili, na saa mbili baadaye nyimbo zikawa 31. Wiki ya kwanza peke yake Marekani ilihesabu milioni 2.61. Kisha yakaja matoleo, na matoleo ya matoleo. Albamu hiyo haikuubeba mwaka, iliukalia.

Mmoja wa watangulizi wako, Neil Portnow, mwaka 2018 aliwaambia wanawake wanaotaka tuzo wajitokeze na waongeze bidii. Wamesikia. Kati ya albamu nane zilizowania 2025, sita ni zao. Upande wa wanaume mmebaki na André 3000, aliyeweka rap kando akapuliza filimbi, na Jacob Collier, fundi kwelikweli, ambaye bado sijamsikia konda akiimba wimbo wake. Naomba wanaume waandaliwe warsha ya kuwajengea uwezo. Posho isisahaulike.

Sisi Waafrika tumepewa kipengele kimoja tangu 2024, cha wimbo mmojammoja, bara zima. Tyla alikichukua kwa Water hata albamu yake ya kwanza haijatoka. Tems alikichukua mwaka 2025. Lakini albamu yake, Born in the Wild, mliipeleka kwenye kipengele cha muziki wa dunia, ikashindwa na Mmarekani aliyekuja na okestra ya London. Kumbe albamu za wenzetu ni za mwaka, za kwetu ni za dunia.

Nina ombi. Wekeni daftari la malimbikizo hadharani, kila mdai ajue foleni. Mariah Carey aliondoka mikono mitupu 1996 baada ya kuteuliwa mara sita. Charli XCX, kwa mwendo wa faili la Beyoncé, atalipwa kama 2040, kwa albamu ya nyimbo za Krismasi.

Na daftari likifunguka, lipo jina la huku. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, miaka 31 kabla hamjagawa gramafoni yenu ya kwanza, na santuri hizo zikauzwa pwani nzima. Warithi wake sitegemei wadai Albamu ya Mwaka. Lipeni posho ya safari ya Bombay, kwa viwango vya 1928, na uhakiki usizidi miaka kumi na mitano.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msikilizaji, Dar es Salaam