Besi Mbili, Simu Moja

Wapiga besi wana kesi isiyokwisha: Precision ya Fender iliyotoka 1951, au Jazz Bass iliyofuata 1960? Siku hizi kesi huamuliwa kwa rekodi mbili za wimbo uleule, na shahidi ni simu. Uzi mnene kabisa wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu, ndogo kama ukucha, huko haifiki hata ikisukumwa. Lakini hakimu wetu keshasikia: "Hii ina joto, ile ina roho." Sawa, mheshimiwa.

Tofauti ipo, sikatai. Jazz ina sumaku mbili za kunasa sauti. Ukifungua ile ya nyuma peke yake, besi huongea puani, tena kwa mvumo wa umeme. Precision huguna kifuani. Ila James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown, alipiga Precision yake kwa kidole kimoja, nyuzi kuukuu asizopenda kubadilisha, na dunia ikacheza. Kidole hakiuzwi dukani, basi ubishi hubaki kwenye mbao. Juzi mmoja kauza Precision yake ili anunue Jazz. Nyuzi mpya? Anasema bei haishikiki.