Jibini ya Kupunguzia Mwili

Jibini ni chakula bora cha kupunguza uzito, mradi mlaji awe ametangaza mapema kwamba anapunguza uzito. Kilo moja ya jibini ngumu hutokana na takriban lita 10 za maziwa. Anayeila huwa amejinyima ndoo nzima. Gramu 100 za cheddar zina kalori zipatazo 400, na theluthi ya uzito wake ni mafuta. Theluthi mbili zilizobaki hazina lawama.

Mlaji wa Kasesya, mpakani na Zambia, huanza kwa kuondoa mezani ugali wa ulezi na maharage kwa kosa la kunenepesha, ingawa ndivyo vilivyowapa Wafipa, wenyeji wa huko, nguvu za kulima matuta ya ntumba kwa jembe la mkono. Kipimo cha jibini ni kipande cha ukubwa wa kiberiti. Idadi ya viberiti haikutajwa.

Mkoa wa Rukwa, ilipo Kasesya, ni miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika fani hii ya kupunguza mwili: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, tena bila kuonja jibini.

Mizani isiposhuka, hubadilishwa mizani.