Mwezi wa Kumi na Tatu

Ukitaka kujua watu wanaokupenda, tangaza kuwa unatumwa kikazi nchi usiyowahi kufika. Nilipopangiwa kwenda Addis Ababa, Septemba 2024, ofisi nzima iligeuka kuwa ya wataalamu wa Ethiopia, wakiwemo ambao mwisho wao kaskazini ni Moshi. Mmoja alinisihi nibebe nguo nyepesi maana kule ni jangwa. Mwingine alinikataza pilipili. Shangazi yangu alinifungia kashata na korosho za kutosha kaya ya watu sita, akaniasa nisilegeze macho kwa mtu yeyote. Hakuna hata mmoja aliyenitahadharisha kuhusu saa.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Baridi kwangu ni pale feni inapozungushwa namba tatu. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwanzoni mwa Septemba mvua kubwa zinakuwa ndio kwanza zinaaga. Nilishuka kwenye ndege nikiwa na shati la mikono mifupi, jekundu, lenye minazi. Watu wote waliokuwa wanasubiri wageni wao pale nje walikuwa na makoti. Dereva aliyetumwa kunipokea alilitazama lile shati, akawasha kipasha joto cha gari bila kuniuliza.

Tulitakiwa tuwe wawili kwenye hiyo warsha ya takwimu. Bajeti ikakatwa, mwenzangu akabaki Dar es Salaam. Mtu hajui thamani ya mwenzake wa safari mpaka amkose, na sizungumzii upweke. Nazungumzia kiwiko. Mkiwa wawili, jambo likisemwa unamgonga mwenzako ubavuni: hivi na wewe umesikia hivyo hivyo? Peke yako unalibeba kama ulivyolisikia, unakwenda nalo kulala.

Sasa saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, halafu saa moja, saa mbili, mpaka linapozama. Hata majira ni yale yale. Ukitoka Dar es Salaam huna haja ya kugusa mshale. Katika nchi zote ambazo serikali ingeweza kunituma, hii ndiyo ambayo Mswahili angefika na kujiona yuko kwao. Ila mimi na dereva tulikuwa tunaongea Kiingereza.

Sisi tukiingia kwenye Kiingereza, saa inageuka yenyewe. Kichwa kinaongeza sita au kupunguza sita bila kumwuliza mwenye nacho. Dereva wangu hakuwa na ugonjwa huo. Kiingereza alikiongea, lakini saa alibaki nayo ya kwao. Jumapili jioni akaniambia kesho atanifuata saa mbili, na kichwa changu kikafanya kazi yake kama kilivyofundishwa shuleni: saa nane mchana. Nikawasifu wenyeji wangu moyoni. Waungwana hawa, wanamwachia mgeni asubuhi nzima apumzike. Nikajifunika mablanketi mawili na taulo.

Saa mbili na dakika tano asubuhi simu ikaita. Dereva yuko nje. Nilimwuliza kwa upole, nje kufanya nini? Naye kwa upole akanijibu kwamba amekuja kunichukua. Niliingia ukumbini utambulisho ukiwa umefika mstari wa nyuma, bado nina dawa ya meno kwenye kola, na projekta ikanimulika usoni nilipokuwa natafuta kiti.

Jioni yake nikaona nifanye adabu. Mgeni ndiye anayepaswa kufuata mila za mwenyeji. Nikamwambia dereva, kesho saa mbili, saa ya kwenu. Nadhani hayo maneno mawili ya mwisho hayakufika, kwa sababu naye mchana wote alikuwa ameshapigwa darasa na waandaaji: wageni wanatumia saa ya Ulaya, wahurumie. Kwa hiyo mimi nikamgeuzia yeye, na yeye akanigeuzia mimi.

Jumanne nilisimama getini tangu saa mbili kasorobo, safari hii nimevaa sweta niliyonunua kwa bei ya mgeni. Mlinzi akaniletea kiti. Baadaye akaniletea chai. Baadaye tena akanitazama kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza kama kuna ndugu apigiwe simu. Nilipompata dereva hewani, nyuma yake walikuwa wanalia kondoo, wengi. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Ethiopia, mji mzima uko mnadani, na yeye alijua ana asubuhi nzima ya kuchagua mnyama kabla ya kunifuata saa nane. Alikuja mbio. Kwenye buti la gari kulikuwa na abiria mwenye pembe.

Pale pale getini tuliweka mikono yetu pamoja ili tumalize ubishi. Saa yangu ya mkononi, mshale mfupi uko karibu na tatu unusu ukisoma kwa Kiswahili, yaani umesimama kati ya tisa na kumi. Yake imetegwa kwa hesabu ya kwao, mshale uko kati ya tatu na nne. Dakika zinalingana mpaka mwisho. Mlinzi akachungulia, akatoa ya kwake mfukoni, nayo inafanana na yangu. Tukaachana na saa. Tangu hapo tulipatana kwa chai: kabla ya chai, baada ya chai, chai ya pili.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lilinichukua muda kulitambua. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu kwenye warsha, kila nikimweleza kitu alikuwa anavuta pumzi kwa ghafla, ile ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikimweleza habari za sensa yetu ya 2022, anavuta. Nikimwambia nimetokea Tanga, anavuta. Nikajua ana jino. Nikamsogezea maji. Akayapokea, akanywa, akanishukuru, akavuta tena. Wakati wa mapumziko kijana mmoja akanifafanulia huku anacheka kwamba ile ndiyo namna yao ya kuitikia. Anakwambia ndiyo, naam, nakubaliana nawe, endelea.

Ningeelezwa mapema kidogo ingefaa. Kwa sababu Jumatatu usiku, kabla sijafafanuliwa, tulikaribishwa chakula kwenye hoteli iliyo ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa haifanyi kazi. Mtu wa pwani kwenye mwinuko ule hapandi ngazi, anaziomba. Nilifika juu mapafu yako mkononi. Mama mmoja mtu mzima, ndiye mkuu wa wenyeji wetu, akanipokea mlangoni na kuniuliza kama ninakula kitfo. Nikavuta pumzi. Uso wake ukang'aa. Akauliza kama nipewe ile ya asili, bila moto. Nikavuta nyingine, ndefu zaidi. Akauliza kama baada ya kula nitasimama kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wageni wote. Hapo nilikuwa bado sijapumua ya pili vizuri. Makofi yakapigwa.

Kitfo ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikachanganywa na samli yenye viungo na pilipili inayoitwa mitmita. Unaweza kuomba ipashwe kidogo, hilo nililijua siku ya pili. Niliyoletewa mimi ilikuwa mbichi, nyekundu, inang'aa, imezungukwa na jibini jeupe na mboga za majani. Wenzangu wakanawa. Nikanawa. Nikaanza kuhangaika na kipande cha injera, nakikunja, nakikunjua, nasogeza jibini huku na huku, zile mbinu za mtoto asiyetaka dagaa.

Yule mama alikuwa ananiangalia. Akararua injera kwa mkono wa kulia, akachota kitfo ya kutosha, akaikunja kwa vidole vitatu mpaka ikawa tonge nene, samli inamchuruzikia kwenye kidole cha shahada. Kisha akanyanyuka, akapitisha mkono juu ya meza, juu ya glasi ya mzee wa pumzi, ukaja moja kwa moja mpaka mdomoni pangu. Hii wanaiita gursha, na ni heshima anayopewa mtu anayependwa. Mimi nimelelewa kwamba mkono wa mkubwa haukataliwi. Meza nzima imenyamaza. Shangazi yangu aliniambia nisimwamini mtu, lakini hakusema nifanye nini mtu huyo akiwa na umri wake na tonge mkononi. Nikafunua.

Ilikuwa tamu. Nasema kweli, nasikitika kidogo kusema, maana nilikuwa nimeshatunga namna ya kuisimulia vingine nyumbani. Samli ile inayeyuka, mitmita inafika kwa kuchelewa, halafu inafika kweli kweli. Machozi yakanitoka. Yule mama akadhani nimeguswa na ukarimu, akanitengenezea nyingine, maana kumlisha mtu mara moja tu hakupendezi. Neno la shukrani nililitoa kwa sauti ya mtu aliyemeza pasi, na watu walivuta pumzi mfululizo mpaka mwisho. Sijawahi kuhutubia hadhira iliyonikubali namna ile.

Kahawa ikafuata, iliyokaangwa mbele yetu, na bisi za mahindi pembeni. Kahawa yao inamiminwa mizunguko mitatu na haifai kuaga kabla ya wa tatu, ambao ndio wa baraka. Nilikaa hadi baraka. Nikakaa nazo kitandani, macho wazi, mpaka vipaza sauti vya kanisa vilipoanza alfajiri.

Mambo ya fedha sitayaeleza sana kwa kuwa bado yananipa presha. Mwisho wa Julai mwaka ule benki kuu yao iliiachia birr ijitafutie bei sokoni, na dola ikavuka birr 100. Bajeti yangu iliandikwa Juni, wakati dola haijafika 60. Nilibaki na noti nyingi ambazo kwenye makaratasi ya ofisi hazikutakiwa kuwepo. Mtumishi wa umma akirudi na chenji anatiliwa shaka kuliko aliyerudi na deni.

Lakini kilichonikalisha kwenye kiti cha uhasibu ni risiti. Wiki ile yote kila mtu Addis alikuwa anahangaika kunigeuzia mambo yawe ya kwangu: saa, salamu, hata wingi wa pilipili. Mtu mmoja tu hakunigeuzia kitu, naye ni dada wa mapokezi pale nilipolala. Aliniandikia risiti kwa mwandiko mzuri, herufi za kwao zimepangwa kama vito, mhuri mahali pake, na tarehe kama alivyoijua.

Mama Mhasibu aliishika kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, soma tarehe."

"Tano, kumi na tatu, elfu mbili kumi na sita, mama."

"Mwezi?"

"Wa kumi na tatu."

Akavua miwani. Nikamweleza kwamba kalenda yao ina miezi kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na siku tano zinazobaki, au sita kila baada ya miaka minne, wanaziwekea mwezi wake mdogo, Pagume. Akavuta kikokotoo, akazidisha, akajumlisha, ikatoka 365. Akakiri kuwa hesabu imekaa. Akajaribu kuiingiza kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa. Akamwita mkaguzi wa ndani.

Mkaguzi ni mtu wa maneno machache. Akachukua risiti ya pili, ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege, ambayo imeandikwa siku iliyofuata: 1/1/2017.

"Ulilala 2016, ukapanda teksi 2017."

"Ni asubuhi yake, mkuu. Mwaka Mpya wao unaanza tarehe 11 Septemba."

"Na mradi huu ulisainiwa lini?"

"2022."

Akaandika. Nikafafanua kwamba wako nyuma yetu miaka saba, au minane, inategemea umeuliza mwezi gani, na nilipokuwa nafafanua nilijisikia mwenyewe kwamba nazama. Mama Mhasibu alikuwa haangalii tena risiti. Alikuwa anaangalia dirishani, na niliona jambo linamjia.

"Hebu, mwanangu. Huo mwezi wa kumi na tatu, mishahara wanalipwa?"

Ofisi yote ikaacha kupiga chapa. Nikasema sikuuliza.

Mkaguzi akafunga faili, akalifungua tena, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Marejesho yasipokelewe. Afuatilie swali la Mhasibu kwanza."