Nilichanjwa Kabla ya Chanjo

Mkono wangu wa kushoto ni shahidi. Uliuma siku mbili nzima, hata kikombe cha chai nikawa nakiinua kwa wa kulia. Lakini mkono hausomeki kwenye mfumo, na siku hizi kisichosomeka kwenye mfumo hakijatokea.

Nilichanjwa UVIKO-19 tarehe 5 Agosti 2021, siku chache baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani. Nikadungwa Johnson, ile ya sindano moja basi. Muuguzi akaandika jina langu kwenye daftari kubwa, akasema cheti kitafuata nikishaingizwa kwenye mfumo. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kila nikienda, mfumo uko chini, au uko juu ila mhusika ametoka. Huyo mhusika nimemtafuta kuliko ninavyowatafuta wadeni wangu. Kiti chake nakijua, koti lake mgongoni mwa kiti nalijua, mwenyewe sijamwona.

Ningeachana na hicho cheti, lakini mpwa wangu alikuwa anaoa Nairobi, na mpakani enzi hizo usingeweza kuvua shati ukaonyesha bega.

Siku cheti kilipotoka nilikibusu. Kisha nikakisoma. Tarehe ya chanjo: 8 Mei 2021. Kuna mtu kaanza na mwezi badala ya siku, kama Wamarekani. Sasa jamani, shehena ya kwanza ya chanjo hiyo ilitua nchini Julai! Tarehe 8 Mei tulikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na kinga yangu ilikuwa nyungu. Baada ya futari najifunika blanketi juu ya sufuria la mwarobaini na malimao, natoka humo macho mekundu, mke wangu ananiuliza kama nimo au nimekwenda.

Nikapeleka malalamiko dirisha namba nne. Kijana akaniamkia vizuri, akatazama kompyuta.

"Mzee, tarehe siyo tatizo. Dozi yako ya pili haionekani."

"Johnson haina dozi ya pili, mwanangu."

"Mfumo unaidai."

"Basi ukachanjwe wenyewe."

Hakucheka. Akaniambia nijaze fomu, niambatanishe kopi ya kitambulisho, nirudi Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya lini.

Ilikuwa ya tatu. Tarehe imerekebishwa, dozi ya pili imesamehewa. Nikarudi nyumbani nimekishika cheti kwa mikono miwili kama niliyebeba trei ya mayai. Mke wangu alikuwa sebuleni na mawifi zake, wanahesabu vitenge vya sare ya harusi. Akavaa miwani, akakisoma polepole mpaka kwenye jinsi.

KE.

Akawageukia wenzake. "Jamani, ongezeni doti moja."