Jinsi ya Kuandika Dockerfile Itakayomtesa Mwenzako

Anza na FROM node:latest, kisha nenda kanywe chai. Wageni hudhani latest ni toleo jipya kuliko yote. Ni lebo tu, inakaa popote mwenye imeji alipoibandika, na utamu wake ndio huo: Ijumaa mradi unajengeka, Jumatatu umegoma, na hakuna aliyegusa kitu.

Halafu, kabla ya kusakinisha maktaba hata moja, nakili folda nzima: COPY . . Docker hutunza kila hatua ili isiirudie bure, lakini faili lililonakiliwa likibadilika, hatua hiyo na zote zinazoifuata huanza upya. Sahihisha herufi moja ndani ya README uone npm inavyoshusha maktaba zote tena. Wanaotanguliza package.json na package-lock.json, wakasakinisha, ndipo wakaleta msimbo, wanajinyima muda wa soga. Bando si la ofisi?

Siri za hifadhidata ziache ndani ya .env, zinakiliwe humo humo, kisha mstari wa chini andika RUN rm .env. Utalala fofofo. Ila rm hiyo imeongeza tabaka jipya linaloficha faili kwa juu. Tabaka la chini bado limelibeba, na yeyote mwenye imeji atalichomoa. Ipo njia ya --mount=type=secret, inayoleta siri wakati wa ujenzi tu bila kuiacha ndani, lakini ina herufi nyingi mno.

Mstari wa USER ni wa waoga. Endesha kila kitu kama root. Na ile habari ya mwaka 2017, ya kuweka FROM zaidi ya moja ili ujengee kwenye imeji nono na kubeba zao tu hadi kwenye nyembamba, jifanye hukuisikia. Mteja akiona gigabaiti mbili anajua hela yake imefanya kazi.

Majaribio ni mepesi: docker build ikimaliza bila maandishi mekundu, umefaulu. Kontena lenyewe usiliwashe. Hadolint, ile programu ya kukagua Dockerfile, usiisogelee, itakusomea DL3007 kwa ajili ya latest, mbele ya watu. Na --no-cache ni mwiko, kwani hufichua kwamba faili lako linaishi kwa hisani ya masalia ya kwenye kompyuta yako.

Mwenzako wa zamu akipiga saa nane usiku kwamba seva haiwaki, mjibu kwa upole: “Kaka, mbona kwangu inakubali?” Akikuomba uingie mtandaoni mtazame pamoja, umeme umekatika.