Upepo Ndani, Pweza Nje

Mwasho ukizidi wiki 6, madaktari huuita sugu. Wangu umekaa sana mwilini, ilibidi uwe unalipa kodi ya pango. Mchana unalala. Usiku, Dar ikipoa, unaamkia katikati ya mgongo, pale mkono usipofika.

Kliniki ya Kichina nilielekezwa na shemeji. Tabibu alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kimya, kama fundi redio anayetafuta stesheni, kisha akataka kuona ulimi. Mkalimani akatangaza: "Mzee, una upepo. Umeingia kwenye ngozi, na damu yako imepungua." Yaani nimekwenda na ngozi, narudi na utabiri wa hali ya hewa.

Ila hoja yao ina utamu. Upepo hauonekani na hautulii: leo bega, kesho goti. Na Wachina husema ukitaka kuutoa, anza na damu. Moja ya dawa zao za mwasho, Xiao Feng San, imo katika kitabu cha Chen Shigong cha mwaka 1617, na miongoni mwa viungo vyake ni ganda alilojivua nyenze. Nyenze!

Hilo ningelimeza. Lakini miiko! Kamba marufuku, kaa marufuku, mbuzi, pilipili, vyote. Nikauliza kwa unyenyekevu: "Daktari, na supu ya pweza?" Akatikisa kichwa kabla mkalimani hajafungua mdomo. Kiswahili cha kuninyima anakijua.

Nje ya geti kijana akaninong'oneza ana krimu ya Kichina, "mitishamba mitupu, Mzee." Nikapita. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha vipimo vya krimu 11 za namna hiyo: 8 zilikuwa na dexamethasone, steroidi ya kiwandani. Sijui huo mti unaota wapi.

Baadaye nikaenda kwa daktari wa ngozi, naye akaagiza vipimo vya ini, figo na sukari, maana mwasho huweza kutokea huko. Akasema nioge maji ya vuguvugu, nipake mafuta ngozi ikiwa na unyevu, nikate kucha, na nimwonyeshe kila mzizi ninaochemsha, kwani mingine huumiza ini. Pweza hakumtaja kabisa. Nilitaka kumkumbatia.

Mama watoto, ambaye hamwamini hata mmoja wao, kamfuata Mchina kwenye pweza tu. Anamla mwenyewe barazani, na pilipili, akisema ananilindia afya.